Mercedes-Benz 280 SE ya 1977 au Jaguar XJ6 ya 1976: lipi la kuhifadhi?

Bandarini76 (Mombasa)
Wanajukwaa, hamjambo. Nimepata nafasi ya kununua gari moja kati ya mawili, na kwa kuwa bei zake hazipishani sana, naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijatoa amana. La kwanza ni Mercedes-Benz 280 SE lililoko Nakuru, mikononi mwa familia moja tangu linunuliwe likiwa jipya. Rangi yake ya kiwandani imepauka juu ya boneti, kiti cha dereva kimechanika, na halijawashwa kwa karibu miaka minne. La pili ni Jaguar XJ6 Series II lililoko hapa hapa Mombasa, ambalo lilipigwa rangi upya mwaka juzi, likavalishwa viti vya ngozi mpya, na linawaka mara moja. Nia yangu ni kulitunza, kuliendesha Jumapili, na siku moja kulipeleka Concours d'Elegance ya Nairobi, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri. Nakiri kwamba moyo wangu uko kwa Jaguar.

FundiMkongwe (Nairobi)
Kaka, kwa upande wa injini hakuna la kumdharau mwenzake. Kizazi hicho cha Mercedes, W116, kilichotengenezwa kuanzia 1972 hadi 1980, ndicho cha kwanza kuitwa rasmi S-Class, na silinda zake sita za lita 2.8 huvumilia sana zikipata mafuta safi. Jaguar nayo ina injini ya XK ya lita 4.2, ya ukoo ulioanza mwaka 1948 na kushinda mbio za saa 24 za Le Mans mara tano katika miaka ya 1950.

Tofauti iko kwenye bati. XJ6 ina matangi mawili ya petroli, moja ndani ya kila ubavu wa nyuma, na unyevu ukijificha humo kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Kwa gari lililolala kwenye hewa ya chumvi, rangi mpya hunitia shaka kuliko rangi iliyopauka. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba, kisha ipitishe taratibu kwenye matao ya magurudumu, chini ya milango na kwenye kona za chini za kioo cha mbele. Inapokataa kushika, ujue chini ya rangi pana puti, ule udongo wa kuzibia bati lililoliwa. Kumbuka pia kwamba diski za breki za nyuma za Jaguar hiyo ziko kando ya difu, si kwenye magurudumu, kwa hiyo kazi ndogo ya breki hugeuka kuwa kazi kubwa.

Mercedes usiiwashe kwanza, hata muuzaji akikusihi. Petroli iliyolala miaka minne huacha utando unaonata ndani ya kigawanyi cha mafuta cha K-Jetronic, mfumo wake wa kupuliza petroli kwenye injini. Mwaga petroli yote, safisha tangi, badilisha filta na mipira, ndipo ujaribu.

Mlimani_Arusha
Mzee FundiMkongwe, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu kutu, lakini tusiinyime Jaguar haki yake: nimeendesha zote mbili, na kwa utulivu barabarani XJ6 bado inanigusa zaidi. Kama bati lake ni zima, mimi ningelichukua hilo.

Tuliza
Kwa nini usitafute Rolls-Royce Silver Shadow?

FundiMkongwe (Nairobi)
Marahaba, Mlimani. Tuliza, breki za Silver Shadow hutumia mfumo wa haidroli wa shinikizo kubwa uliotengenezwa kwa leseni ya Citroën, na anayetia mafuta ya breki yasiyo yake huharibu mipira yote ya ndani. Asiye na fundi anayeujua mfumo huo asianzie hapo.

DadaWaKaratasi (Nairobi)
Naongeza la usajili. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo gari la zamani lenye historia kamili ya hapa nchini lina thamani ya pekee. Lililosajiliwa hapa miaka ya 1970 linapaswa kuwa na namba isiyo na herufi ya mwisho, kwa maana mfululizo wa KAA wenye herufi hiyo ulianza 1989. Linganisha namba ya chasi na ya injini na kitabu cha umiliki, na kwenye Mercedes usome msimbo wa rangi kwenye bamba lililo mbele ya injini.

Bandarini76 (Mombasa)
Ahsanteni nyote. Kwenye Jaguar, sumaku ilianguka mara mbili nyuma ya gurudumu la kushoto, na nilipogonga hapo kwa kucha mlio ulikuwa mzito kama wa udongo. Jumamosi nilikwenda Nakuru. Nilipoinua mkeka wa buti nilikuta bati kavu lenye rangi ya kiwandani, na ndani ya dashibodi kitabu cha huduma chenye mihuri iliyofuatana hadi mwaka 1994. Namba zote zinalingana. Nimetoa amana ya Mercedes, na lori litaileta Alhamisi bila kuwashwa. Je, nani hapa Pwani amewahi kufungua kigawanyi cha K-Jetronic kwa mikono yake mwenyewe?