Kipanya kimekufa: kishale nakiendeshaje kwa kibodi tu?

waya_mfupi
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta ya mezani, Windows 10, kipanya cha USB kimekufa na maduka yameshafungwa. Nimebonyeza Alt + Shift + Num Lock ili namba za kibodi ziendeshe kishale, kimya. Nikigonga 8 inaandikwa 8. Nakosea wapi?

kona_ya_ufundi
Mkuu, iwe Alt ya kushoto na Shift ya kushoto. Za kulia haziamshi kitu. Shikilia hizo mbili ndipo ugonge Num Lock. Kitatokea kidirisha cha kukuuliza, chagua Yes kwa Enter. Kisipotokea, njia hiyo ya mkato imezimwa: bonyeza kitufe cha Windows, andika mouse keys (ndilo jina la huduma hii), Enter, kisha Tab hadi kwenye swichi na ugonge Space.

Hapo tumia namba za pembeni kulia. Zile za mstari wa juu zitaandika namba tu hata ufanyeje. 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia. 7, 9, 1 na 3 ni mshazari. 5 inabofya, + inabofya mara mbili. Kuburuta faili: weka kishale juu yake, gonga 0, kitembeze hadi unapotaka, gonga nukta kuachia. Wengi husahau hiyo nukta, kisha kila wanakopita wanaburuta kitu na kudhani mashine ina virusi.

Taa ya Num Lock iwe inawaka. Ikizimika, vitufe hivyo vinarudi kuwa mishale ya kawaida. Na kwa kuwa kishale kinatembea kama kobe, chini ya swichi ile weka tiki ya Ctrl kuongeza kasi na Shift kupunguza. Ctrl kuvuka kioo, Shift kulenga kitufe kidogo.

bila_panya
Kwa kazi nyingi kishale chenyewe hakihitajiki, jamani. Alt + Tab kuhama programu, Tab na Space kwenye fomu, Shift + F10 kufungua menyu ya kubofya kulia. Dirisha limejificha nje ya kioo? Alt + Space, kisha M, kisha mishale. Namba za pembeni ziacheni kwa programu za kuchora na zile zilizoundwa vibaya, ambako Tab haifiki.

jirani_wa_mac
Laptopu isiyo na namba pembeni, chomeka kibao cha namba cha USB, kinafanya kazi vilevile. Kwenye Mac hakihitajiki: washa Mouse Keys upande wa Accessibility, kwenye Pointer Control. 8 juu, K chini, U kushoto, O kulia, I kubofya. Ikiwaka huwezi kuandika maandishi, kwa hiyo ruhusu pale pale kuiwasha na kuizima kwa kugonga Option mara 5.

waya_mfupi
Kinatembea sasa, asanteni. Ila kila nikigonga 5 inafunguka menyu ya kubofya kulia.

kona_ya_ufundi
Umegusa alama ya kutoa (-) bila kujua. Alama hiyo inaifanya 5 iwe kitufe cha kulia, na inabaki hivyo mpaka ubadilishe. Gonga / kurudi kushoto. Ukigonga *, 5 inabofya vyote viwili kwa pamoja. Angalia alama ya kipanya karibu na saa, huenda imejificha nyuma ya kamshale: upande uliokolezwa rangi ndio unaobofya.