Baba anapotea njia ya nyumbani na bado anaendesha gari, tufanyeje?

Binti wa Marangu: Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana silali. Baba ana miaka 76, kila Jumanne anashuka Moshi mjini na pikapu yake. Juzi anarudi, Himo akapitiliza badala ya kukata kupanda Marangu, kaenda mpaka karibu na Holili ndo akampigia mama anamuuliza hapa nilipo ni wapi. Njia ya miaka 40 hiyo!! Kwenye kipilefti anasimama katikati, na ubavu wa kushoto wa gari una michubuko hajui imetoka wapi. Mama anasema ni uzee tu, kaka anataka tufiche funguo.

Mdau_Soweto: Pole dada. Kusahau miwani ni uzee, kusahau njia ya kwako sio uzee. Asiendeshe tena mpaka apimwe.

Nesi mstaafu: Mwanangu msikimbilie kusema ni demensia (ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu), mpelekeni hospitali kwanza, wakiona inafaa watawapa rufaa KCMC. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), sonona, dawa za usingizi, hata damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, vyote vinamchanganya mzee na vingi vinatibika. Macho pia, mtoto wa jicho je? Andika kwenye daftari tarehe na kilichotokea, maana wazee mbele ya daktari wanajikaza unamkuta anajibu vizuri kabisa mpaka wewe ndo unaonekana muongo. Na ikiwa ndo demensia, haili kumbukumbu peke yake, inaharibu kukadiria umbali na kuamua haraka, bodaboda ikikatiza mbele mguu unachelewa breki. Wala msiseme karogwa, hapo wilaya ya Hai tu watafiti walishapima wazee wa miaka 70 kwenda juu, asilimia 6.4 walikuwa nayo.

Baba K, Tengeru: Funguo msifiche. Sisi tulificha, mzee akachongesha nyingine, akaacha kuongea na sisi mwezi mzima. Alikuja kukubali alipoambiwa na daktari mwenyewe, tukamtafutia kijana wa bajaji wa kudumu, kanisani na sokoni anafika kama zamani.

Binti wa Marangu: Asanteni sana, shikamoo mama nesi. Jumatatu tunampeleka. Leo nimemwomba niendeshe mimi, akanipa funguo bila kubisha. Baba yangu hajawahi kumpa mtu ile gari.