Yule "profesa" wetu wa FPL aache kutuuzia madogo wa benchi! Dakika ya 89 jamani!!

Kocha_wa_Mbagala:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Kwa wageni humu, FPL ni ule mchezo wa mtandaoni, unapanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuvuna pointi kwa wanayofanya uwanjani. Simtaji jina kwa sababu wote humu mnamjua. Ni yule yule wa kutuma sauti ndefu kila Ijumaa usiku, anaongea utadhani analala chumba kimoja na makocha wa Uingereza. Leo amenifikisha mwisho.

Wiki nzima katuhubiria dogo mmoja wa benchi, bei milioni 4.5 za mchezoni. "Huyu Jumamosi anaanza. Mkubwa wake anaumwa paja, kocha hana mtu mwingine, chukueni kabla bei haijapanda." Asubuhi dogo, mchana dogo, usiku dogo. Mpaka mama mkwe kule Kilosa anamjua dogo. Nikachukua minasi nne (nikakatwa pointi nne) kumleta. Nikamweka kikosi cha kwanza. Beki wangu nikamrudisha benchi, namba moja, yaani wa kwanza kupanda.

Mechi ya mchana beki kacheza dakika zote, kafunga goli, klinishiti (timu haikufungwa) juu, bonasi zote tatu. Mbili, sita, nne, tatu. Pointi 15 ziko benchi! Jioni vikosi vinatoka, dogo hajaanza. Roho ikatulia kabisa, maana asipoingia, beki anapanda mwenyewe. Nilichokuwa nakihitaji katika dunia hii ni kimoja tu, yule mtoto abaki kwenye kiti chake.

Dakika ya 89 mwamuzi wa akiba anainua kibao.

Namba ya dogo. Taa ya kijani. Anavuta soksi, anagusa nyasi, anaangalia mbinguni, anaingia. Dakika ya 89! Timu inaongoza mbili bila! Anaingia kufanya nini? Kula muda! Hapo hapo pointi moja, na mchezaji akishapata hata sekunde moja uwanjani, wa benchi hapandi tena. Amekalia 15 zangu kama kuku anayeatamia.

Mnadhani imeisha? Dakika za nyongeza filimbi inalia, dogo anaupiga mpira kule jukwaani. Kadi ya njano. Moja toa moja, SIFURI. Amegusa mpira mara moja tu, na hiyo mara moja ni baada ya filimbi! Pamoja na minasi nne zangu, mtoto wa dakika ya 89 amenigharimu pointi 19.

Sasa sikieni tusi lenyewe. Nikafungua timu ya profesa nione naye kaumiaje. DOGO HAYUPO. Kikosini hayupo, benchi hayupo. Wiki nzima anatuuzia mtoto ambaye yeye mwenyewe hana! Namuuliza kwenye grupu, ananijibu hivi: "Mimi nilisema tumtazame, sikusema mnunue. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, nyie mnacheza kwa mihemko." Halafu picha ya timu yangu kaibandika stetasi na vikatuni vya kucheka.

Hesabu gani? Tangu msimu wa 2022/23 ligi ile inaruhusu mabadiliko matano, kwa hiyo dogo yeyote wa benchi anaweza kutupwa ndani dakika ya 89 akaniharibia nyumba. Hilo kwenye sauti zake hulisikii. Yeye ni magoli ya kirafiki ya Julai, dhidi ya mabeki ambao akili zao bado ziko ufukweni.

Nataka aombe radhi humu humu, na hiyo dakika ya 89 aieleze.

Bi_Kiduchu: Pole mkuu. Ila minasi nne kwa mtoto wa benchi? Chai imenipalia.

Mzee_wa_Kibanda_Umiza: Nilikuwepo, ni kibandani kwangu. Alirusha kiti cha plastiki, mguu umevunjika. Elfu kumi na tano, mkuu, kabla ya mechi za kesho.

Kocha_wa_Mbagala: Kiti nitalipa mzee wangu. Dakika ya 89 nani ananilipa?

Chaurembo77: Kwani profesa alikushika mkono ukabonyeza? Mtu mzima unamwanzisha mtoto wa milioni 4.5 na beki mzima unamuacha nje. Kubali yaishe.

Mchora_Ramani: Acheni kumcheka kidogo, kuna la kujifunza hapa. Madogo wa benchi watu wanawapima kwa kipaji, na kipaji hakina pointi. Pointi ziko kwenye dakika. Mwangalieni Cole Palmer. Akiwa Man City kipaji kilikuwa kile kile, lakini mbele yake kulikuwa na foleni. Septemba 1, 2023 akaenda Chelsea. Kwenye FPL alianza msimu ule na bei ya milioni 5 tu. Kule akapewa namba, na baadaye akapewa penalti. Alimaliza na magoli 22 ya ligi, 9 ya penalti, na pointi 244, akaongoza wachezaji wote wa FPL. Miguu haikubadilika, kilichobadilika ni nani amekaa mbele yake na nani anashika mpira penalti ikitoka.

Kwa hiyo dogo wa benchi muulizie haya: penalti na kona za timu yake anapiga nani? Anayemzuia anarudi lini? Jumatano wana mechi ya Ulaya, kocha anazungusha kikosi au hazungushi? Na ukishamnunua, mweke benchi namba tatu, mwisho kabisa. Akianza mechi mbili tatu mfululizo ndiyo umpandishe. Huyu wa mkuu hakuwa ameanza hata moja.

Kocha_wa_Mbagala: Haya ndiyo profesa alitakiwa kuyasema! Lakini yeye "paja, paja". Halafu dakika ya 89 mwenye paja ndiye anayempisha dogo! Paja gani la kucheza dakika 89?

Bi_Kiduchu: Hahahaha ina maana mwenye paja alianza? Na bado profesa anasema hesabu zilikuwa sahihi!

Tausi_wa_Kariakoo: Mkuu wewe umelia leo, mimi nalia tangu Septemba 2, 2023. Evan Ferguson, mshambuliaji wa Brighton, miaka 18, kawapiga Newcastle tatu peke yake, 3-1. Usiku ule ule yule yule (mnamjua) akatuma sauti: "Huyu ndiye mfalme mpya, uzeni yeyote mumlete." Nikamuuza Watkins, mshambuliaji wa Aston Villa. WATKINS! Ferguson kamaliza msimu na magoli 6 ya ligi, matatu kati ya hayo ni ya siku ile ambayo mimi sikuwa naye. Watkins kamaliza na 19 na asisti 13. Mtu anakuja hapa na pointi 19 zake anataka tumfanyie matanga.

Kocha_wa_Mbagala: Dada yangu, wako angalau alikuwa anaanza. Wangu ni dakika ya 89.

Tausi_wa_Kariakoo: Nilimuuza WATKINS.

Shabiki_wa_Anfield: Msiwatukane watoto. Agosti 25, 2025 Ngumoha wa Liverpool, akiwa na miaka 16, aliingia pale Newcastle dakika za nyongeza, matokeo 2-2. Dakika ya 100 akafunga la tatu, mechi ikaisha. Benchi ina baraka zake.

Chaurembo77: Na ni nani humu alikuwa naye wiki ile?

Shabiki_wa_Anfield: Simaanishi hivyo. Naongelea mpira.

Chaurembo77: Sisi tunaongelea pointi.

Nyali_Mpya: Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mnalia na madogo, mimi nalia na saa. Uingereza wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi. Majira ya baridi mechi yao ya kwanza Jumamosi ikianza saa 9 na nusu kwetu, dedlaini ya kubadilisha kikosi ni saa 8 mchana. Wakishasogeza saa mbele inakuwa saa 7. Nimetoka zangu kula pilau kwa shangazi, saa 7 na robo nafungua programu nimtoe kapteni wangu majeruhi (kapteni pointi zake ni mara mbili), imefungwa! Kapteni wa goti bovu kabaki na kitambaa. Ikiwa kuna uzi wa kulia, ni huo.

Bi_Kiduchu: Kapteni asipocheza msaidizi anarithi kitambaa, sasa unalia nini?

Nyali_Mpya: Msaidizi naye alikuwa ana kadi nyekundu ya mechi iliyopita. Ningebadilisha wote wawili.

Bi_Kiduchu: Ah. Basi lia, kaka.

Mwalimu_Zamda: Huku kwetu hata saa zisibadilike umeme unakatika dakika kumi kabla, mnara unakufa nao. Waildikadi yangu nzima (ruhusa ya kubadilisha kikosi chote bila kukatwa pointi), wachezaji 15 nimewapanga tangu Jumanne, nabonyeza kuthibitisha, kinazunguka tu kile kiduara. Nimecheza wiki ile na kikosi cha zamani, watatu majeruhi.

Kocha_wa_Mbagala: Jamani, uzi wangu ni wa profesa na DAKIKA YA 89. Mnapotea.

Mzee_wa_Kibanda_Umiza: Uzi ni wako, kiti ni changu. Mwalimu Zamda, hiyo waildikadi uliithibitisha upya baadaye au iliungua?

Mwalimu_Zamda: Haikuungua, ilirudi. Nafasi yangu kwenye ligi yetu ndiyo haikurudi. Na tukiigusa ligi yetu, mimi nina swali ambalo nimekaa nalo muda mrefu: michango ya msimu uliopita iko wapi? Tulichanga watu wote, mshindi kapewa fulana.

Tausi_wa_Kariakoo: Asante!! Nilidhani ni mimi peke yangu. Tuliambiwa mshindi fedha taslimu, wa pili jezi.

Chaurembo77: Wa pili nilikuwa mimi. Jezi sijaiona mpaka leo. Mweka hazina aliniambia iko bandarini.

Nyali_Mpya: Jezi moja bandarini?

Mchora_Ramani: Mimi ndiye mshindi mwenye hiyo fulana. Ni saizi ya mtoto wa darasa la tatu na mgongoni ina tangazo la duka la simenti. Picha ninayo, nikipata bando usiku naipandisha.