Bebe wa wiki 6 anarusharusha mikono usingizini, nimfunge?

Mama Ushindi (Goma): Jambo kwenu. Bebe wangu akilala, vidole vinaruka, mguu unapiga, uso unajikunja. Mama mkwe anataka nimkaze kwa kitenge atulie. Jirani anasema ni degedege, nimwamshe. Alizaliwa miezi ikiwa imetimia, ananyonya vizuri.

Muganga wa watoto (Bukavu): Mama Ushindi, usimwamshe kila mara. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni ule ambao macho yanachezacheza chini ya kope, na hapo ubongo unajifunza mwili. Unatuma amri kwa msuli mmoja, kidole kinaruka, habari inarudi ubongoni: kidole kiko hapa, kinakunjika hivi. Akiwa macho viungo vinacheza vyote kwa pamoja, habari zinachanganyika. Usingizini mwili umelegea, kwa hiyo habari ya kidole kimoja inafika wazi. Mark Blumberg wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ameonyesha hilo kwa vitoto vya panya.

Kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo (Lubumbashi): Kuhusu kitenge: kunyoosha miguu na kuikaza kunaweza kutegua nyonga, maana kichwa cha mfupa wa paja bado hakijakaa imara kwenye tundu lake. Ukimfunga, kiganja chako kipite kati ya kitenge na kifua, magoti yabaki yamekunjwa na kupanuka kama ya chura. Siku anapoanza kujaribu kugeuka, acha kabisa.

Alale chali, bila mto. Na baridi ya Goma isikufanye ulaze bebe chumba kimoja na mbabula: moshi wa makala usioonekana unaua. Umri huu anahitaji usingizi wa saa 14 hadi 17 kwa siku, usiku na mchana pamoja. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kwenye mkeka dakika 2 au 3, rudia mpaka zifike 30 kwa siku. Shingo inapata nguvu hapo.

Mama Ushindi: Aksanti sana. Sasa degedege yenyewe nitaijua namna gani?

Muganga wa watoto: Ukiona anaruka, mwamshe mara moja tu umpime. Ikikoma pale anapofungua macho, mwache alale. Ikiendelea akiwa macho, au macho yakikwama upande mmoja, midomo ikawa ya bluu, au homa ikafika 38, mpeleke hospitali papo hapo. Kama kuna mtu karibu, amchukue video kwa simu. Hiyo inamsaidia muganga kuliko maelezo marefu.