Naombeni ushauri: bangili 40 za ngozi za Jumamosi zinanata na zimeingia madoa

Njiti3
Wakuu, habari za jioni. Nina oda ya bangili 40 za ngozi, upana sm 4, za harusi ya Jumamosi. Leo Jumatano. Zimekatwa, kingo zimepigwa msasa, mafuta nimepaka. Sasa zinanata kama zimemwagikiwa soda, na zina madoa meusi. Nipake nini zikauke haraka? Msiniambie nianze upya.

FundiMsharasi
Ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti au kwa dawa ya krome? Unene? Mafuta gani?

Njiti3
Ya magome, mm 3. Mafuta ya kawaida tu.

MamaKibatari
Mwanangu, vipimo ulichukua vizuri? Mzunguko wa kifundo cha mkono, ongeza sm 1, maana ngozi ya mm 3 ikikunjwa upande wa ndani unabanwa, kisha sm 2.5 za kupandana. Ile sm 1 ndiyo vijana mnaisahau, halafu bangili inakataa kufunga.

Njiti3
Shikamoo mama. Vipimo viko sawa, shida ni kunata.

FundiMsharasi
"Ya kawaida" ndiyo yapi?

Njiti3
Ya alizeti. Ya kupikia. Nilipaka mikono mitatu, yakiwa ya moto ili yaingie, nikaanika juu ya bati. Mafuta ya kwato mnayoyasifia huku hayauzwi, na alizeti nayo ni mafuta.

FundiMsharasi
Mafuta ya alizeti yakipata hewa na joto hugeuka gundi, kama ule utando unaong'ang'ania nje ya chupa ya mafuta jikoni. Ukiongeza dawa juu yake unaongeza tope. Na mikono mitatu ni mingi, ngozi inalegea. Dawa yenyewe ni nta ya nyuki gramu 50 kwa mafuta ya kwato gramu 150, yeyusha kwenye bakuli lililo juu ya maji ya moto, paka mkono mmoja mwembamba ikiwa vuguvugu, ufute inayobaki.

Supu_Asubuhi
Ati hayauzwi! Chemsha makongoro bila chumvi wala kitunguu, engua mafuta ya juu, yaache yapoe. Yanayoganda tupa, yanayobaki majimaji chuja kwa kitambaa, ndiyo hayo. Makongoro yenyewe tia ndimu na pilipili, hiyo ni posho ya fundi.

Kona_ya_Sita
Jamani, huu uzi ni chai. Alizeti haitoi madoa meusi. Ngozi ya magome huwa nyeusi pale chuma, maji na taneni, ile dawa ya magome, vinapokutana, na jamaa hajataja chuma wala maji. Tuambie ukingo uliokatwa una rangi gani katikati. Ukiwa wa buluu-kijivu ni krome, na krome haina taneni ya kutoa weusi huo. Kimojawapo umetunga.

Njiti3
Sijatunga. Ukingo ni kahawia mpaka katikati. Haya, chuma kipo. Vifungo vya kubonyeza vilikuwa ghali, nikachukua misumari midogo ya viatu, nikaikata na kuigonga kama ribiti. Ngozi ilikuwa na unyevu kwa sababu nilikuwa napiga mhuri wa majina. Lakini si tatizo, nimeshanunua makopo 6 ya rangi nyeusi ya viatu. Napaka zote, doa halionekani.

Kona_ya_Sita
Sawa, chai naifuta. Umisumari wako siufuti.

MamaKibatari
Hao wa harusi wanavaa nini?

Njiti3
Kanzu.

MamaKibatari
Nyeupe?

Njiti3
Nyeupe, mama.

FundiMsharasi
Basi hayo makopo yaache. Rangi ya viatu hukaa juu juu, na juu ya alizeti inayonata haishiki kabisa, jasho kidogo tu iko kwenye mikono ya kanzu. Misumari nayo itaendelea kutoa kutu. Maji ya ndimu hufifisha madoa ya chuma, ila kwenye ngozi ambayo haijapakwa mafuta. Kwenye yako hayataingia.

Umekataa kuanza upya, lakini piga hesabu: bangili 40 za sm 22 kwa 4 zinakula karibu futi za mraba 4. Nunua 5, mabaki yapo. Kata leo. Lowanisha kwa sponji, subiri rangi ikaribie kurudi ya mwanzo ndipo upige mhuri, maana ikiwa chepechepe alama inajifuta. Kausha kivulini, bati usiliguse. Mafuta kesho usiku. Ribiti za shaba gonga Ijumaa, na ukishagonga usipake tena hapo, mafuta yakituama kwenye shaba hutoa uchafu wa kijani.

Njiti3
Duka la ngozi linafungwa saa kumi na mbili, nakimbia. Na makopo 6 ya rangi?

Supu_Asubuhi
Bwana harusi ana viatu.