Naomba ushauri: printa mpya ya leza ya rangi inatoa madoa, niirudishe dukani au niite fundi?

Karani wa Sakina
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika ofisi ya kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, na miongoni mwa majukumu yangu ni kuchapisha ratiba za safari, ankara na vijarida vya picha ambavyo tunawapa mawakala. Ofisi ilinunua printa mpya ya leza ya rangi, na mwanzoni ilichapisha vizuri kiasi kwamba mkurugenzi alibandika kurasa zake ukutani. Sasa kila ukurasa unatoka na doa la rangi iliyovutika, linalojirudia kuelekea chini, na kando yake kuna sehemu inayong'aa kama imepakwa mafuta. Anga lote la picha ya Kilimanjaro limejaa mabaka.

Nimeendesha programu ya usafishaji iliyomo ndani ya mashine yenyewe, nimesawazisha rangi, nimetoa katriji zote nne na kuzitikisa taratibu, kisha nikahamishia mashine kwenye soketi nyingine, bila mafanikio. Tona, yaani unga wa rangi, ni ile halisi iliyokuja na mashine, na dhamana haijaisha. Vijarida vinatakiwa kabla ya maonyesho ya utalii ya mwezi Juni. Je, niirudishe dukani au niite fundi? Naomba majibu ya wenye uzoefu.

Mzee wa Levolosi
Kijana wangu, tatizo lenu lilianzia siku ya kununua. Leza ni mashine ya nyaraka: inachukua unga wa plastiki wenye rangi na kuuyeyusha juu ya karatasi, hivyo barua hutoka safi na haraka, lakini picha ya tembo haiwezi kushindana na ile ya wino wa maji. Mngechukua printa ya matangi ya wino, mkanunua chupa nne, mkalala usingizi. Iuzeni hiyo ingali na sura ya upya.

Mtundu wa Njiro
Huenda printa imesoma bei za vifurushi vyenu ikaanza kutokwa jasho.

Fundi wa Rau
Mzee, shikamoo, ila aliyeuliza ana leza mezani tayari, na wino wa maji nao hukauka kwenye vitundu usipotumika mara kwa mara.

Karani, doa linalojirudia kwa umbali ulio sawa ni habari njema, kwa sababu linakuambia kwamba kuna kitu cha mviringo ndani ya mashine chenye uchafu au jeraha, na kila kinapomaliza mzunguko kinaigusa karatasi tena. Chukua rula, upime kutoka doa hadi doa. Dramu, yaani silinda inayobeba tona kabla haijafika kwenye karatasi, ikiwa na kipenyo cha milimita 30 itarudia alama yake kila baada ya milimita 94 hivi, na yenye kipenyo cha milimita 24 kila baada ya milimita 75. Rola nyingine zina vipimo vyake, na mafundi wanayo majedwali ya kila modeli. Baada ya hapo chapisha ukurasa mmoja wa kila rangi, yaani njano, majenta, samawati na nyeusi, kisha upitishe ukurasa mmoja mtupu usio na maandishi yoyote. Doa likitokea kwenye rangi moja tu, tafuta kwenye katriji au dramu ya rangi hiyo. Likitokea kwenye zote, na hata kwenye ukurasa mtupu, achana na katriji na uangalie vile ambavyo kila karatasi hupitia, hasa mkanda wa kuhamishia rangi na fyuza, yaani sehemu yenye rola za moto inayoyeyusha tona ishike kwenye karatasi.

Mama Stesheneri
Mimi nina duka la kuchapisha na kutoa nakala hapa Moshi, na yaliyonikuta ni tofauti kidogo. Wakati wa masika nilikuwa naweka rimu sakafuni, na nyingine naziacha zimefunguliwa usiku kucha. Karatasi zikanywa unyevu, rangi ikawa haishiki sawasawa, maeneo makubwa ya buluu yakatoka na mawingu. Nilifokeana na aliyeniuzia tona hadi wateja wakasimama kusikiliza, kumbe rimu mpya kutoka kwenye karatasi yake ya kufungia ilichapisha bila dosari. Tangu hapo rimu zangu zinakaa juu ya rafu, na iliyofunguliwa naifunga tena. Karani, jaribu rimu mpya kabla ya kumlaumu mtu.

Karani wa Sakina
Ahsanteni. Mama, rimu mpya nimejaribu, hali ni ile ile. Fundi, umbali ni kama milimita 78 au 79, na doa linaonekana kwenye rangi zote, hata kwenye ukurasa mtupu, ingawa huko ni hafifu. Hata hivyo naamini ni dramu ya samawati, na tayari nimemweleza mkurugenzi hivyo, kwa sababu kwenye anga ndiko doa linakoonekana zaidi.

Fundi wa Rau
Linaonekana zaidi angani kwa sababu anga ni eneo kubwa lenye rangi moja. Kwa kawaida tatizo la dramu ya samawati halitokei kwenye kila rangi. Milimita 78.5 ni mzunguko wa rola yenye kipenyo cha milimita 25, na ukijumlisha ule mng'ao ulioutaja, mimi naelekea kwenye fyuza. Naomba unijibu swali moja: kabla ya madoa kuanza, ilipita karatasi ya aina gani?

Karani wa Sakina
Karatasi za kawaida za A4, gramu 80.

Fundi wa Rau
Hizo ndizo za kila siku. Nimeuliza ile iliyopita muda mfupi kabla ya doa la kwanza. Karatasi ya gramu 80 haiachi mng'ao kwenye fyuza.

Karani wa Sakina
Kwa kuwa umesisitiza, nitaeleza, japokuwa sioni kama ndiyo sababu. Kabatini kulikuwa na pakiti ya karatasi za picha zinazong'aa, zilizobaki kutoka printa ya zamani ya wino wa maji. Pakiti imeandikwa kwamba ni karatasi ya picha ya ubora wa juu, na muuzaji wa printa alisema wazi kwamba mashine hii inapokea aina nyingi za karatasi. Niliweka chache ili jalada la kijarida lipendeze. Moja ilijikunja ndani, nikaivuta ikatoka, na kazi ikaendelea.

Naomba ieleweke kwamba fomu ya dhamana inauliza tarehe ya ununuzi na maelezo ya tatizo. Haina sehemu inayouliza karatasi. Barua ya kuomba tubadilishiwe mashine kwa hitilafu ya kiwandani imekwisha kusainiwa na mkurugenzi.

Fundi wa Rau
Hapo sasa tumefika. Fyuza huyeyusha tona kwa joto la takribani nyuzi 200 za selsiasi. Karatasi nyingi za picha za wino wa maji zina tabaka la juu la kunyonya wino, na baadhi zina plastiki, ambalo halikutengenezwa kuhimili joto hilo. Linalainika, linanasa kwenye rola, kisha linachuna tona ya kila ukurasa unaofuata. Karatasi zinazong'aa kwa ajili ya leza zipo, na pakiti zake huandikwa hivyo.

Zima mashine, ipoe kabisa, na usikwangue rola kwa kisu wala wembe. Unga ukimwagika tumia kitambaa kikavu, na nguo iliyochafuka ifue kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huufanya unga ushike. Katika printa nyingi za ofisi fyuza hubadilishwa peke yake bila kugusa sehemu nyingine za mashine, kwa hiyo uliza bei yake kabla ya kutuma barua.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu Karani, fomu kutokuuliza hakuondoi wajibu wa kusema. Umemwandikia mwenye duka kwamba kiwanda kina hitilafu, huku ukijua kilichoingia ndani ya mashine, na umemsainisha mkurugenzi wako jambo ambalo hajaelezwa. Siku likigundulika, saini itakayosomwa ni yake.

Karani wa Sakina
Mwalimu, shikamoo. Muuzaji naye hakusema yote aliyopaswa kusema.

Jicho la Kijenge
Wanajukwaa, mimi nahisi uzi huu umetungwa. Mwuliza swali anakuja na dalili zilizonyooka kama za kitabuni, na papo hapo anatokea fundi anayejua mzunguko wa rola mpaka nusu ya milimita. Isitoshe, kwenye uzi wa vyumba vya kupanga, huyu Karani aliandika kwamba ofisi yao iko Moshi. Ngojeni kidogo, namba ya simu ya fundi itawekwa hapa.

Mtundu wa Njiro
Na printa yenyewe ni fundi aliyejificha.

Karani wa Sakina
Nimesikitishwa. Kampuni ina ofisi mbili: Moshi tunapokea wapanda mlima, Arusha tunapanga safari za mbugani. Printa ilianzia Moshi ikahamishiwa huku. Sikuona haja ya kulieleza.

Mzee wa Levolosi
Mbona hilo ndilo lenyewe! Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi. Mashine kadhaa za Kyocera zina mpangilio wa mwinuko kwenye menyu kwa wanaotumia juu ya mita 1,000, kwa sababu hewa nyepesi huvuruga chaji za umeme zinazobeba tona. Rekebisheni mwinuko.

Fundi wa Rau
Mzee, mpangilio huo upo kweli, ila mwinuko haubandiki plastiki kwenye rola. Ndugu Jicho, nusu ya milimita inatokana na kuzidisha 25 kwa 3.14, na namba yangu ya simu sijaitoa wala sitaitoa.

Jicho la Kijenge
Tutaona.

Karani wa Sakina
Barua imeondoka leo na dereva, pamoja na mashine. Fundi, wakiifungua fyuza, mabaki hayo yataonekana?

Fundi wa Rau
Yataonekana kwa macho, bila hata miwani. Wapigie simu kabla hawajaifungua, uwaambie habari ya karatasi na uulize bei ya fyuza.

Karani wa Sakina
Nitasubiri kwanza jibu lao la maandishi.

Mama Stesheneri
Mashine ikiwa dukani, vijarida vya Juni mtachapisha wapi? Mimi ninayo leza ya rangi hapa Moshi, na karatasi zinazong'aa za leza ninazo.

Jicho la Kijenge
Niliwaambia tangazo linakuja. Sikujua tu litatoka kwa nani.

Karani wa Sakina
Mama, ukurasa mmoja wa rangi unatoza kiasi gani, na ukikunja kijarida bei inabadilika?