Figaro wa ofisini: mlango wa kioo unamficha nani?

SafuYaNyuma:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Juzi nimetazama opera ya Mozart, "Ndoa ya Figaro", iliyovalishwa suti. Kasri limegeuzwa kampuni, bwana wake Almaviva mkurugenzi, mtumishi Figaro dereva wake, na mchumba wa Figaro, Susanna, katibu muhtasi. Mwanzo nilifurahi. Pale Figaro anapopima chumba akiimba tano, kumi, ishirini, thelathini, alishika kile kipimo cha mwanga mwekundu, na kila namba ikawa inawaka ukutani.

Kasheshe ikaanza tendo la pili. Ofisi ya mke wa Almaviva yote ni vioo, hata chumba cha nguo anachojificha Cherubino, yule kijana anayemzimia mke huyo. Wakashusha pazia la kamba, likakwama katikati, miguu ya kijana ikabaki nje. Ukumbi mzima kicheko, na hadi sasa sijui kama ilikusudiwa. Mlango wenyewe unafunguliwa kwa kadi, lakini Almaviva, akishuku mkewe kaficha mwanamume, anaondoka kwenda kutafuta zana za kuuvunja! Mkurugenzi hana kadi?

Mimi ndiye nimezeeka, au pale kuna kitu kimeharibika?

Kinubi:
Usiilaumu suti, mkuu. Opera hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 1 Mei 1786, ilikuwa hadithi ya siku zao. Tamthilia ya Beaumarchais iliyoizaa, Kaisari Joseph II alikuwa ameizuia isichezwe mjini humo, ndiyo maana Da Ponte, mwandishi wa maneno ya opera, akachuja siasa. Watazamaji wa Burgtheater, ukumbi ilikoonyeshwa, walikuwa wanawaona mabwana wa zama zao pale jukwaani. Mwongozaji Peter Sellars naye, miaka ya 1980, alimhamishia Figaro Trump Tower ya New York, na "Così fan tutte", opera nyingine ya Mozart, akaiweka kwenye mgahawa. Kwa hiyo hilo si geni.

MezoMstaafu:
Kinubi, suti sawa, ila swali la ndugu yetu ni la mlango.

Nimemwimba Cherubino mara mbili, mara moja kwa wigi, mara moja kwa jinzi. Ile ya jinzi ilinitoa jasho. Cherubino ni mvulana anayeimbwa na mwanamke, halafu humo ndani mvulana huyo anavalishwa nguo za kike. Ukiwa na wigi na suruali ya magotini, ukipewa gauni tu watu wanacheka. Lakini jinzi huvaa kila mtu! Tulijaribu kitambaa, tukajaribu rangi ya mdomo, wapi. Mwisho nikapewa viatu vya mchuchumio vinavyonizidi namba mbili. Nikawa natembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi, na hapo ndipo mvulana akaonekana.

Sasa mlango. Almaviva anapokwenda kuchukua zana anaondoka na mkewe, na kila mlango anaufunga. Susanna anachomoka alikojibanza, mimi natoka chumbani, na ule wimbo wa wawili hapo ni mfupi na wa mbio, pumzi haitoshi. Mimi naruka dirishani, yeye anaingia nilikotoka. Mtazamaji asipoamini kwamba tumefungiwa, zile mbio zinakuwa mazoezi ya viungo tu. Mwongozaji wetu wa jinzi aliweka kila kitu cha kisasa isipokuwa mlango mmoja wa mbao wenye kitasa kizito. Ufunguo ukizunguka, "kaa!", hadi safu ya mwisho wanasikia. Kondakta alikuwa anaingoja hiyo "kaa" ndipo anyanyue fimbo.

SafuYaNyuma:
Asante sana, dada. Kumbe ni hofu ndiyo niliyoikosa.

Lakini kuna jambo linanichanganya. Tendo la nne Barbarina, binti wa mtunza bustani, anatafuta pini aliyoipoteza. Hawa wakaifanya laini ya simu. Binti kapiga magoti gizani, anamulika sakafu kwa tochi ya simu hiyohiyo isiyo na laini, na anaimba kale kawimbo kadogo ka huzuni. Jamani, nilisahau suti, vioo, pazia, vyote. Mbona hapo ilikubali?

MezoMstaafu:
Kwa sababu laini hupotea hivyohivyo. Ni kadogo, si mali yake, ametumwa na mkubwa akarudishe, na kakidondoka gizani ndiyo basi. Kuibadilisha pini hakukumpunguzia mzigo. Wangeitafutia na ile kadi ya mlango kazi kama hiyo, tuseme Almaviva anaijaribu na mke ameshaizima, ungemwelewa anapokimbilia nyundo.

Kinubi:
Hiyo ya kadi nimeipenda. Na Antonio je? Yule mtunza bustani anayekuja na chungu cha maua yaliyopondwa, analalamika kuna mtu kaangukia bustani yake?

SafuYaNyuma:
Mlinzi wa maegesho. Kaingia na kioo cha pembeni cha gari mkononi, anapiga kelele kuna mtu kaangukia gari.

Kinubi:
Gari la nani?

SafuYaNyuma:
La mkurugenzi. Na dereva ni Figaro, ambaye dakika hiyohiyo anadai ni yeye aliyeruka.